Leupold 3-9x40 na ringi za Warne juu ya BRNO, baada ya kuzungushwa Liwale

Wakuu naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka aishie hapa: kama una raifo nzuri na hela yenyewe ni ya kuungaunga, hela ya maana weka kwenye ringi (zile pete za kushikiza darubini juu ya bunduki) na kwenye kuzifunga, darubini chukua ya kawaida ya kampuni inayoeleweka. Huku kusini naona watu wanafanya kinyume, mtu ananunua lidude la 6-24x50 (zumu 6 mpaka 24, kioo cha mbele mm 50) refu kama bomba la maji halafu analishikiza na ringi za bunduki ya upepo, risasi ya tatu tu saiti imeshahama anaanza kulaumu risasi.

Bunduki ninayoongelea ni BRNO ZKK 600 ya saizi ya risasi .30-06, zile za Mcheki zilizotangulia kabla ya CZ 550. Wenye nazo mnajua, mgongo wake una reli iliyochongwa humohumo kwenye chuma, upana mm 19, kwa hiyo huhitaji besi (kipande cha chuma cha kukalia ringi) wala kutoboa matundu, ringi inang'ata chuma chenyewe moja kwa moja. Huo ndo uzuri wake na ndo ugumu wake pia, maana ringi za mm 11 zilizojaa madukani ni za bunduki ya upepo na za .22, hapo hazikai hata ulie. Kuna duka moja Dar, jina naliacha, niliwapa vipimo vyote kwa maandishi wakanitumia ringi za bomba la mm 30 wakati darubini yangu ni ya inchi moja, yaani mm 25.4, nilipopiga simu jamaa bila hata aibu ananiambia "bosi zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli itabana". Mpira! Kwenye .30-06! Hela wakarudisha, ila mpaka nisumbue sana.

Mwisho nikapata Warne za kufungua kwa mkono, zile zenye kiwiko pembeni, nikaagiziwa na ndugu anayesafiri. Hizi zimegawanyika wima, kushoto na kulia, sio juu na chini kama nyingi, kwa hiyo kufunga kunachosha kidogo maana darubini huwezi kuilaza kwanza ukaiangalia, unashika huku unakaza huku. Skrubu zake ni toksi T15, yale matundu ya nyota yenye ncha sita, na kampuni inasema kaza mpaka inchi-pauni 25, hiyo ni kama Nm 2.8, kidogo sana jamani, usikaze kwa hasira ukaminya bomba. Tafuta fundi mwenye spana ya kupima nguvu ya kukaza, wa pikipiki wengi wanazo kubwa mno hazishuki mpaka huko, mimi niliazima kwa jamaa anayetengeneza mashine za hospitali.

Kabla ya kukaza mwisho nyoosha msalaba, ile mistari inayokatana ndani ya darubini. Nilifunga uzi kwenye tawi la mkorosho nikaning'iniza jiwe, bunduki nikailaza kwenye mifuko ya mchanga ikiwa imenyooka, nikageuza darubini taratibu mpaka mstari wa wima ukalala juu ya uzi. Kisha nikaweka tone la loktaiti ya bluu, gundi ya kuzuia skrubu zisilegee (ya bluu, nyekundu usiiguse, utakuja kuifungua kwa moto), nikachora kistari cha rangi ya kucha kutoka kwenye skrubu mpaka kwenye ringi. Kistari kikikatika unajua imelegea. Barabara ya Nachingwea kwenda Liwale kiangazi ni mtikisiko mwanzo mwisho na vumbi juu, gari tulilopanda lilidondosha mpaka taa, vistari vyangu havijakatika hata kimoja.

Darubini sasa. Ni Leupold VX-Freedom 3-9x40, Marekani inauzwa dola 300 hivi, uzito gramu 350 hivi haichoshi bega. Kilichonivutia ni nafasi ya jicho, kwenye 3 unakaa zaidi ya sm 10 nyuma ya kioo na kwenye 9 bado ni sm 9 na kitu. Hiyo sio ya kupuuza. Mjomba wangu wa Nachingwea ana .375, maana kwa nyati sheria inataka .375 kwenda juu, akaweka darubini ya bei chee inayotaka usogeze jicho karibu, risasi ya kwanza tu teke la bunduki likarudisha darubini, ukingo wake ukampasua juu ya nyusi, damu mpaka kwenye shati, na shabaha akakosa. Mpaka leo tukimwita "mjomba mwezi mchanga" anacheka kwa upande mmoja.

Halafu mwanga. Watu wanaulizia zumu kubwa tu wakati hesabu ni nyepesi, gawanya upana wa kioo cha mbele kwa zumu. 40 kwa 4 unapata mm 10, huo ndo upana wa mwanga unaofika kwenye jicho, na jicho la kijana gizani linafunguka mm 7 hivi kwa hiyo unapata mwanga wote. Lile la 6-24x50 ukiliweka 24 unabaki na mm 2, saa kumi na mbili jioni chini ya miombo unaona kiza tu. Na kioo cha 50 kinataka ringi ndefu, shavu linaelea hewani halikai kwenye kitako. 40 inakaa chini vizuri ila hakikisha mkono wa bolti (komeo la kupakia risasi) haugusi kioo cha nyuma ukiuinua, na nunua ringi ukishajua hilo.

Kusaiti tulifanya eneo tuliloruhusiwa, askari wa wanyamapori akiwepo. Nilitoa bolti nikachungulia ndani ya mtutu kwenye alama ya mita 25, nikaleta msalaba hapohapo, ndo nikahamia mita 100. Klik moja ya kurekebisha darubini ni robo MOA (kipimo cha pembe), mita 100 inahamisha mm 7 hivi, risasi zilikuwa zinatua sm 12 chini ya pale nilipotaka nikapanda klik 17 ikaisha. Nimeiacha ipige sm 5 juu kwa risasi zenye uzito wa greni 180, ukifika karibu mita 200 inarudi kwenye msalaba. Nikatoa darubini kwa kiwiko nikairudisha, ikapiga palepale kwa tofauti ambayo kwa kongoni haina maana. Ukiingia kwenye kichaka kizito unaivua unabaki na saiti za chuma, raha sana.

Lawama ninazo mbili. Vifuniko vya lenzi vya maana hakuna, ununue mwenyewe, na viwiko vya Warne vinanasa kwenye kamba ya begani. Wa Mtwara mjini na Mikindani chumvi ya hewa itawashughulikia hizo skrubu, pakeni mafuta.

Kununua tena? Ringi ndiyo, bila kufikiri. Darubini ningechukua ndogo yake, 2-7x33, maana kule Liwale sijawahi kufika 9 zaidi ya kuhesabu matawi nikiwa nimepumzika. Hii ya 3-9 mjomba ameshaanza kuipigia hesabu akishauza korosho, ila nimemwambia kwanza alete ile .375 nione ringi zake.