Kituo kizuri, walezi wazuri, ila kuna "watu wetu"

Nianze kwa kukiri: nilichelewa. Dakika kumi na mbili. Sijaja hapa kujitetea, na wala sina ugomvi na faini yenyewe. Siku ya kumwandikisha mwanangu kwenye kituo hiki cha kulelea watoto nilipewa kijitabu cha kanuni nikasaini kila ukurasa, pamoja na ule unaosema mzazi akichelewa kumchukua mtoto atalipia. Nilisaini bila kusoma sana, kama wengi wetu, lakini saini ni yangu.

Sasa sikilizeni.

Nimeingia nahema. Mwanangu kakaa peke yake kwenye benchi, begi mgongoni, viatu kavigeuza, cha kulia mguu wa kushoto. Msimamizi kasimama na daftari, lile la peni iliyofungwa kwa uzi. Hata salamu yangu hakuiitikia vizuri. Kanyoosha kidole kwenye saa ya ukutani: "Baba, kanuni ni kanuni. Andika muda, weka saini." Nikaandika. Nikalipa palepale. Nikaomba na radhi, maana mlezi naye ana kwake, naye anasubiriwa, na zile dakika kumi na mbili nilizitoa mfukoni mwake.

Nikiwa nimeinama namvua mtoto viatu nimvishe upya, akaingia mama mmoja, simu sikioni, gari kaliacha linanguruma nje. Kachelewa kuliko mimi, tena kwa mbali. Mwanawe hakuwa kwenye benchi. Alikuwa ofisini kwa msimamizi, anakula biskuti! Na uso uleule ulionikunjia mimi sasa hivi ukakunjuka wote. "Pole na kazi, mama! Wala usijali, alikuwa anacheza tu." Daftari likafungwa. Peni ikabaki inaning'inia.

Nikauliza. Kwa upole, nadhani, ingawa mke wangu anasema upole wangu huisha nikiwa na njaa. Nikauliza, huyu mwenzangu haandiki? Msimamizi akashusha sauti kama mtu anayenionea huruma: "Baba, yule ni mtu wetu."

Mtu wetu! Na mimi ni wa nani?

Neno hilo nililala nalo. Au niseme sikulala nalo. Usingizi ulipogoma nikaanza kusoma habari za faini za vituo vya watoto, na hapo ndipo nilipokutana na wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, ambao mwaka 2000 walichapisha utafiti wao juu ya vituo 10 vya mji wa Haifa, Israeli. Baadhi ya vituo vilianza kutoza faini kwa wanaochelewa. Wachelewaji hawakupungua, waliongezeka karibu mara mbili, na faini ilipoondolewa hawakurudi walipokuwa. Mzazi aliyekuwa akiona haya kumweka mlezi akimsubiri sasa aliona ananunua muda, basi akaununua. Nilicheka peke yangu gizani. Kule angalau bidhaa iliuzwa kwa wote. Kwenye kituo chetu mimi nauziwa dakika, mwenzangu anapewa bure na biskuti juu.

Tangu siku ile nikawa mpelelezi. Tabia mbaya, najua. Mwanangu alipopanda joto hadi 38 nilipigiwa simu nikamfuate mara moja, na asirudi mpaka yapite masaa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Kanuni nzuri hiyo, naiunga mkono. Dawa huficha homa kwa masaa machache tu, mtoto akionekana mzima huku anaendelea kuwagawia wenzake. Nikabaki naye nyumbani, kazi nikaiombea ruhusa. Halafu asubuhi moja namwona mtoto wa mtu wetu anashushwa mlangoni, macho yamelegea, mama yake anasema ameshakunywa dawa. Akapokelewa! Hazikupita siku nyingi chumba kizima kinakohoa. Siwezi kuapa kwamba ni yeye aliyeleta, watoto wa umri ule huambukizana hata kwa kugombea kijiko. Lakini mimi nilirudishwa na yeye akapita.

Ningeishia hapa ningekuwa nimewaponda tu, na haki itendeke. Kuna siku nilikwama, nikamtuma mama mkwe wangu akamchukue mtoto. Jina lake halikuwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Mtoto anamrukia, anamwita bibi, na bado mlezi wa mlangoni, binti mdogo tu, akasema, "Shikamoo mama, samahani sana, siwezi kukupa mpaka baba yake athibitishe." Mama mkwe alinipigia simu akiwaka. Nami niliwaka. Wiki hiyohiyo nikamwona binti yuleyule akimzuia dereva wa mtu wetu, mlango uleule, kwa maneno yaleyale, bila kupandisha wala kushusha sauti. Dereva akapiga simu, akapaza sauti, akataja majina ya wakubwa. Binti kasimama tu. Yule binti ningempa nyota zote mlizo nazo. Kumbe inawezekana! Wanajua kabisa kushika kanuni moja kwa watu wote, wanachagua tu lini.

Wala sisemi pasiwe na udhuru. Kuna mzazi pale anafanya kazi za zamu hospitalini, na kituo kilikaa naye, kikaandika muda wake tofauti, ukabandikwa ukutani. Hakuna aliyenuna. Kinachoudhi ni udhuru wa kunong'onezwa.

Nilikuwa nimepanga kutoa nyota mbili. Sasa kuna jambo limetokea majuzi linanisumbua. Nimechelewa tena, safari hii dakika ishirini na ushee, mvua imenichapa, nimefika nimelowa mpaka soksi. Nimeshanyoosha mkono kulitafuta daftari. Msimamizi, yuleyule, akaniwekea kiganja juu yake. "Leo acha tu, Baba. Wewe umeshakuwa mtu wetu."

Hotuba yangu yote niliyoifanyia mazoezi kwa wiki kadhaa, sikutoa hata neno. Nilisema asante. Mtoto nilimtoa ofisini, ana biskuti mkononi. Tulipokuwa tunatoka nikapishana mlangoni na mama mmoja mgeni, anahema. Nikasikia nyuma yangu, "Mama, kanuni ni kanuni," nikaongeza mwendo.

Nyota nimeweka tatu. Msiniulize ya tatu imetoka wapi.