Fielder yangu ya CVT, Ngamiani hadi Lushoto

Hapa Tanga ukimwambia mtu gari lako ni CVT, yaani oto isiyo na gia za hatua, anakupa pole hapo hapo. Mimi natembelea Toyota Fielder ya 1500cc yenye giaboksi hiyo, nimetoka kwenye gari la klachi, na sioni pole inatoka wapi.

Mjini ndiko inakonifaa zaidi. Ngamiani mitaa inakatana kila hatua, baiskeli zinachomoza pembeni, bajaji inasimama popote abiria alipo. Ukiachia breki gari linatambaa lenyewe. Mshtuko wa kubadilisha gia haupo, maana ndani kuna puli mbili na mkanda wa chuma: puli moja inabana, nyingine inaachia. Ndiyo maana ukiovateki kati ya Muheza na Segera injini inanguruma mfululizo huku spidi ikiifuata taratibu. Aliyezoea oto za gia nne atakwambia inateleza. Haitelezi, ndivyo inavyofanya kazi.

Mtihani wenyewe ni Mombo–Lushoto, zaidi ya kilomita 30 za kona na mlima. Kupanda na watu watano na mizigo linapanda bila haraka, lakini halilalamiki. Kushuka ndiko kulikonifanya nilipende. Kuanzia Soni natoa leva kwenye D naweka S, penye mteremko mkali zaidi naweka B; zote mbili zinafanya injini isaidie kuzuia gari. Mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unapanda, sauti inakuwa nzito, gari linajizuia, breki naigusa kwenye kona tu. Wengi wanashuka na D mwanzo mwisho, na ukiwa nyuma yao unasikia harufu ya breki zinazoungua. Inaniuma sana, kwa sababu wamebeba familia na msaada upo mkononi mwao.

Kwenye oili sina masihara. Fundi mmoja alitaka kuniwekea haidroliki ya kawaida, ile oili ya oto za gia, eti oto zote ni moja. Nilikataa. Mkanda ule unashika puli chuma kwa chuma, na oili yake imetengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiweka isiyo yake mkanda unateleza, puli zinachubuka, giaboksi imekwenda. Toyota wana CVT Fluid TC na FE, kwa hiyo soma kitabu cha gari kabla ya kwenda dukani. Mimi nabadilisha kila kilomita 40,000, na sampu, bakuli la oili chini ya giaboksi, ikifunguliwa nasimama pale pale. Sumaku za ndani yake zinatoka na tope jeusi la unga laini wa chuma. Huko ni kulika kwa kawaida kwa chuma. Ukiona vipande vinavyoshikika kwa kucha, hapo kuna tatizo.

Likizimika njiani, usikubali livutwe kwa kamba. Pampu ya oili inaendeshwa na injini. Injini ikiwa imezima, magurudumu ya mbele yanazungusha giaboksi bila oili kufika inakotakiwa. Kulisukuma ili liwake nako hakuna. Ita brekidauni ya kulipakia, au angalau inayonyanyua magurudumu ya mbele.