Uzoefu wangu: fimbo ya grafiti kwa jigi ya bamba

Fimbo ninayoizungumzia ina urefu wa futi 7 na inchi 2, yaani kama mita 2.18. Ni ya grafiti tupu, yaani nyuzi za kaboni, haijachanganywa na nyuzi za kioo. Ubavuni imeandikwa MH (medium-heavy, nguvu ya kati kuelekea nzito; M peke yake ni ya kati) kwa upande wa nguvu na MF (moderate-fast, kati ya mpindo wa wastani na wa haraka) kwa upande wa mpindo, chambo cha aunsi 3/8 hadi aunsi 1, yaani kama gramu 11 hadi 28, na mshipi wa nguvu ya pauni 12 hadi 20. Kampuni siitaji, kwa sababu miundo hubadilika kila msimu na fimbo ya kampuni ileile yenye urefu mwingine ni fimbo nyingine kabisa. Ukikuta vipimo hivi kwa mtengenezaji yeyote, mengi ya ninayoyasema yatakuhusu.

Nimeipa kazi moja: kuvulia besi, samaki mwindaji wa maji baridi, kwa jigi ya bamba. Ni ile jigi yenye kichwa cha risasi, ndoana moja nene, sketi ya nyuzi za mpira, na kipande cha bamba la chuma kilichoshikizwa mbele ya kichwa. Ukiivuta, maji hulisukuma bamba upande huu, likagonga kichwa, likatupwa upande wa pili, na mwendo huo ukiendelea chambo chote hutetema. Wavuvi wengi huziita zote ChatterBait, ingawa hilo ni jina la kibiashara la Z-Man. Mtetemo ndio unaomwita samaki, na ndio unaokuletea wewe habari mkononi.

Ugumu wa kuchagua fimbo unaanzia hapo, maana jigi hii inadai mambo mawili yanayopingana.

La kwanza ni ulaini. Besi hula kwa kufungua mdomo ghafla na kufyonza maji pamoja na kilichomo. Wakati huo mshipi wako umekaza, rili inazunguka, na jigi iko mbioni. Ncha ya fimbo ikigoma kulegea, chambo kinaendelea na safari yake na mdomo unafumba mahali kilipokuwa. Unasikia pigo moja, kisha kimya. Ncha inayokubali kupinda humwachia samaki nafasi ndogo ya kugeuka jigi ikiwa ndani.

La pili ni ugumu. Ndoana ya jigi hizi ni moja tu na waya wake ni mnene, mara nyingi saizi 5/0 au karibu na hapo. Haifanani na zile ndoana nyembamba zenye meno matatu zinazofungwa kwenye vyambo vya plastiki vya kuzama, ambazo hujichoma zenyewe samaki akigeuka. Waya mnene hauingii kwa kubembelezwa. Ndiyo maana fimbo laini sana, ile inayosifiwa kwa vyambo vya meno matatu, humpa mvuvi raha ya mwanzo na uchungu wa mwisho: samaki anashikwa, anavutwa, anafika karibu na chombo, anatikisa kichwa mara moja na kwenda zake.

Kwa hiyo ninachokitafuta ni fimbo ambayo theluthi yake ya mbele inapinda kwa hiari, lakini nguvu ikifika katikati inakuta ukuta. Herufi MF maana yake ni hiyo, au ingepaswa kuwa hiyo. Tatizo ni kwamba herufi hizi hazina kipimo cha pamoja. MH ya mtengenezaji mmoja inaweza kuwa M ya mwenzake, na hakuna anayemshurutisha yeyote. Herufi zinakupeleka kwenye rafu sahihi tu. Baada ya hapo ni macho na mikono yako.

Namna ninayopima ni rahisi. Naweka rili, napitisha mshipi kwenye pete zote, nafunga uzito wa kama nusu kilo mwishoni (chupa ya maji ya ujazo huo inatosha), kisha nainyanyua polepole bila kupandisha fimbo juu kupita kiasi, huku nikitazama kutoka ubavuni. Mpindo wa fimbo niliyoinunua ulianza nchani, ukashuka taratibu bila kuvunjika kona popote, ukatulia kabla ya nusu. Nyingine niliyoilinganisha nayo ilipinda sentimita chache za nchani tu, halafu ikawa mti mkavu. Hiyo ni nzuri kwa jigi za kudonoa chini, ambako wewe ndiye unayeamua lini ukaze. Kutikisa fimbo hewani dukani, kama tunavyofanya wote, hakukuambii chochote isipokuwa kwamba fimbo ni nyepesi.

Sasa swali ambalo kila mtu huniuliza: kwa nini grafiti, wakati wavuvi mahiri wengi wa jigi ya bamba husifu nyuzi za kioo au mchanganyiko wa hizo mbili?

Hoja ya kioo ni ya kweli. Nyuzi za kawaida za kioo zina ukakamavu wa kama gigapaskali 72, na za kaboni ya kawaida ni kama 230, mara tatu zaidi. Kioo basi hupinda kwa urahisi na kurudi polepole, na ule ulaini unaotakiwa samaki anapofyonza unaupata bila juhudi. Lakini kioo pia ni kizito zaidi, na kikishapinda polepole hurudi polepole hata pale unapotaka kirudi upesi. Mimi huvua sana kwenye majani ya majini, na huko ndiko grafiti ilikonivuta.

Jigi ya bamba ikipita juu ya majani hunaswa. Jani moja likikaa kati ya bamba na kichwa, mtetemo unakufa. Kwa fimbo hii nalijua hilo papo hapo: mkono ulikuwa unatetema, sasa hautetemi. Napiga ncha upande kwa kifundo cha mkono, mpigo mfupi na mkali, jani linakatika, bamba linaanza tena kugonga. Na mara nyingi sana samaki hupiga palepale, jigi inapochomoka majanini na kufufuka. Ukiwa na fimbo ya kioo, sehemu kubwa ya mpigo huo inamezwa na fimbo yenyewe. Unapiga, ncha inafikiria, jigi inasogea kidogo na jani lake. Kwenye maji yasiyo na majani, au yenye majani machache, nakubali kabisa kwamba kioo kingeniongezea samaki kadhaa. Sivui huko sana.

Habari nyingine ambayo grafiti inaileta vizuri ni ile ya samaki anayekuja na jigi kuelekea kwako. Huyo hapigi. Mtetemo unapungua tu, au mshipi unalegea kana kwamba jigi imepotea. Hapo naongeza kasi ya rili mpaka nihisi uzito, ndipo navuta fimbo upande, mvuto mrefu wa kufagia, si ule wa kunyanyua kwa nguvu juu ya kichwa. Fimbo hii inakupa adhabu ukiinyanyua kwa nguvu. Ukifagia, mpindo unajijaza wenyewe na ndoana inaingia kwa uzito wa shina.

Neno juu ya grafiti yenyewe, kwa sababu matangazo yamejaa namba. Fimbo hizi hutengenezwa kwa mashuka ya nyuzi za kaboni yaliyolowekwa resini (gundi inayoganda kwa joto), yanakatwa, yanazungushiwa ufito wa chuma, yanafungwa kwa utepe na kuokwa. Ufito hutolewa na fimbo inabaki na uwazi ndani. Ukakamavu wa nyuzi ukiwa mkubwa, mtengenezaji anaweza kutumia shuka kidogo na kupata fimbo ileile ya nguvu lakini nyepesi zaidi. Ndiyo maana grafiti ya tani 40 (tani hapa ni kipimo cha ukakamavu wa nyuzi, si uzito) huuzwa ghali kuliko ya tani 24. Ila ukuta mwembamba na mkakamavu ni rahisi kupasuka ukigongwa, na kwa jigi ya bamba ukakamavu huo wa ziada hauna faida kubwa: unakurudisha kwenye ncha inayogoma. Mimi nilishuka kwa makusudi hadi kwenye grafiti ya kati, iliyoandikwa IM7. Na hiyo IM7 nayo usiichukulie kama daraja la ubora. Ni jina la kibiashara la nyuzi za Hexcel, na limezoeleka kiasi kwamba hubandikwa hata pale ambapo halielezi chochote. Fimbo mbili zenye nyuzi sawa zinaweza kutofautiana kabisa kwa resini na kwa jinsi mashuka yalivyopangwa.

Uzito wa chambo uliochapishwa usomwe pamoja na mkia. Watu husahau hili. Jigi ya aunsi 1/2 ni gramu 14, lakini hakuna anayeitupa uchi. Unaivisha mkia wa mpira laini, nao unaweza kuongeza gramu 5, 7 au zaidi. Ukijumlisha uko karibu gramu 20 au zaidi, tayari upande wa juu wa fimbo nyingi za M. Fimbo yangu hutupa vizuri zaidi jigi ya aunsi 3/8 na ya 1/2 zikiwa na mikia yake. Ya 3/4 inaibeba, kwa maana kwamba haivunjiki, lakini mtupo unakuwa mzito na kwenye majani mazito ncha haina tena mpigo niliousifu. Ule ukomo wa aunsi 1 ni matumaini ya mtengenezaji.

Mshipi unabadilisha fimbo kuliko watu wanavyodhani. Natumia florokaboni, mshipi wa uzi mmoja wa plastiki, ya pauni 17 kwa kawaida. Inavutika kidogo, inazama, na pamoja na ncha hii unapata ulaini wa kutosha. Nilipoweka mshipi wa kusuka wa pauni 40, ambao kwa kweli hauvutiki, mtetemo ulikuja mkononi waziwazi na majani yalikatika kwa urahisi, lakini mapigo ya samaki wasioshikwa yaliongezeka. Mwenye kupenda mshipi wa kusuka atafute fimbo laini kuliko hii. Labda hapo ndipo mchanganyiko wa kioo na grafiti unastahili fedha yake. Rili niliyoifunga ina uwiano wa 6.8:1, yaani mzunguko mmoja wa mkono wake huzungusha kibiringo cha mshipi mara 6.8. Ya polepole zaidi ingefaa maji ya baridi, ya kasi zaidi ingenishawishi kukimbiza jigi mpaka ipande juu na kulala ubavu.

Mpini ni wa sponji ngumu, na kipande cha nyuma ya rili kinafika chini ya kiwiko bila kugonga mbavu ninapogeuka. Hilo ni jambo dogo asubuhi na kubwa jioni. Pamoja na rili, fimbo inalala sawa mkononi, ncha haizami. Pete zake ni ndogo lakini si zile ndogo kabisa, kwa hiyo fundo la kuunganisha mishipi miwili linapita bila kukwama. Kabla ya kulipa nilipitisha pamba ndani ya kila pete; nyuzi za pamba zikinaswa, kuna ufa, na ufa utakula mshipi wako kimyakimya.

Kasoro zipo. Kikulabu cha kutundikia ndoana kimewekwa karibu mno na mwili wa fimbo, na bamba la jigi hucheza hapo wakati chombo kinakwenda, likikwangua rangi. Tayari kuna michubuko. Kwenye fimbo ya kaboni michubuko si suala la urembo tu, kwa sababu fimbo hizi huvunjika mahali zilipowahi kuumizwa, wala si lazima kwa samaki mkubwa. Nimevisha jigi mfuko mdogo wa kitambaa na mambo yametulia, lakini mtengenezaji alipaswa kulifikiria, hasa kwa fimbo anayoitangaza kwa jigi hizihizi. Na tafadhali usitundike jigi kwenye pete. Kasoro ya pili ni skrubu ya kubana rili: hulegea katikati ya uvuvi, na mtetemo wa siku nzima ndio unaoilegeza, kwa hiyo naikaza kila ninapobadilisha chambo.

Fimbo hii inabeba pia jigi za kuogelea na vyambo vya vijiko vinavyozunguka bila malalamiko. Kwa vyambo vya juu ya maji ni nzito. Kwa anayeanza na anayetaka fimbo moja ya besi, ningemshauri achukue M yenye ncha ya haraka zaidi, yaani inayopinda karibu na ncha, na aiache hii kwanza. Hii ni ya mtu aliyekwisha kujua kwamba anapenda jigi ya bamba na kwamba maji yake yana majani.

Kabla sijasahau: kaboni hupitisha umeme. Ukisikia radi, hata kama samaki wanapiga kila mtupo, laza fimbo na utoke majini.