Face Value ya Phil Collins, ile CD ya 2016: uzoefu wangu

Jamani hii CD ya Face Value, albamu ya mwimbaji na mpiga drams wa Uingereza Phil Collins, ile iliyosafishwa upya 2016, nimeisikiliza sana siku hizi na nasema wazi, kama ule wimbo wake wa In the Air Tonight unaujua kwa redio tu kuna kitu kikubwa bado hujakipata. Ilipotoka kama singo Januari 1981 uliongezewa drams mapema kabisa ndani ya wimbo, bosi wa lebo ya Atlantic kule Marekani, Ahmet Ertegun, alihofia wasikilizaji wa redio hawatauelewa wimbo usio na mdundo wa maana, basi Collins akapiga za ziada. Kwenye albamu hazipo, na ndo utamu wenyewe! Kuna kimashine tu cha midundo cha Roland kinagonga taratibu, kinanda kimetanda chini, jamaa anaimba kwa uchungu wa ndoa iliyovunjika (zile stori kwamba wimbo unamhusu mtu aliyezama majini alishazikana mwenyewe), na wewe unasubiri, unasubiri, dakika tatu na nusu zinapita, halafu drams zinashuka zote kwa mpigo mpaka kifua kinatikisika.

Ule mlio wa drams Collins na wenzake walikutana nao 1979 studio ya Townhouse, London, Collins akimpigia drams mwanamuziki Peter Gabriel, mwenzake wa zamani wa bendi ya Genesis, kwenye albamu ya tatu ya Gabriel. Fundi mitambo Hugh Padgham alikuwa na maiki ya kuongelea na wanamuziki walio chumbani, ile maiki inabana sauti vibaya mno, drams zilipopita humo zikatoka kubwa ajabu, wakaongeza kifaa cha kukata mwangwi ghafla kabla haujafifia, basi. Baada ya hapo sikiliza redio ya miaka ya themanini, huo mlio umejaa kila kona, ila kwangu hakuna aliyeutumia kwa subira kama huyu.

Nyimbo nyingine nazo siziruki, I Missed Again ina tarumbeta za wale wapulizaji wa bendi ya Marekani ya Earth, Wind & Fire, inachangamsha kweli. CD ya pili ni laivu na demo, ukiwa si mtu wa laivu utaisikiliza mara moja ukaiweka. Nyota tano kwa ile ya kwanza, tatu kwa ya pili, na tafadhali usiisikilizie kwenye spika ya simu, tafuta hedifoni nzuri au redio kubwa yenye besi.