Hugo na GitHub Pages kwa shirika dogo lisilo na fundi wa kudumu: uzoefu wangu

Niseme mapema: kama tovuti ya shirika lenu inaguswa na mtu mmoja tu, na mtu huyo hana mpango wa kuondoka, haya nitakayoeleza hayatawaongezea kitu. Mfumo wowote utawatosha. Sisi tunaendesha vyumba vya kusomea vitabu vya watoto mkoani Tanga kwa nguvu za watu wanaojitolea, na wanaojitolea huja na kuondoka. Zamani kila aliyeondoka aliondoka na kitu: nenosiri, akaunti ya kikoa (yaani anwani ya tovuti), au ujuzi wa wapi kitufe fulani kimejificha. Fundi aliyetujengea tovuti ya kwanza alipohama, tulibaki na tangazo la semina iliyokwisha kupita likining'inia kwenye ukurasa wa mbele, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kulishusha.

Tulichohamia ni Hugo kwa kutengenezea kurasa na GitHub Pages kwa kuziweka mtandaoni. Kwa asiyevijua, hii ni tovuti tuli. Hakuna hifadhidata inayoulizwa kila mtu anapofungua ukurasa. Kurasa zote hutengenezwa kwa mkupuo, zikawa faili za kawaida za HTML, na kazi ya seva ni kuzitoa tu. Maandishi tunayaandika kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache: nyota kwa msisitizo, reli kwa kichwa cha habari. Faili hizo hukaa GitHub, kwenye hifadhi ya wazi, yaani ambayo yeyote anaweza kuisoma, inayosimamiwa na Git, programu ya kutunza kumbukumbu ya kila badiliko ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 ili watengenezaji wa Linux wafanye kazi pamoja bila kufutiana. Hugo ni ya mwaka 2013, mwanzilishi wake ni Steve Francia, imeandikwa kwa lugha ya Go na inakuja kama faili moja tu ya programu. Hilo la faili moja lina uzito kwa sisi watu wa bando: hupakui kwanza mlolongo wa vitu vingine ndipo ianze kufanya kazi.

Gharama sitaichukulia muda. Kwa hifadhi ya wazi, GitHub Pages ni bure. Kiwango kilichowekwa ni tovuti isiyozidi gigabaiti 1 na matumizi ya takriban gigabaiti 100 kwa mwezi, na shirika la ukubwa wetu haliwezi kufika huko hata likijitahidi. Tunacholipia ni kikoa cha .or.tz tu.

Wengi wakisikia "bure" wanadhani hapo ndipo penye faida. Mimi naona faida iko kwingine: hakuna neno linalofika kwa wasomaji kabla ya mtu wa pili kulisoma. Katibu wetu, dada ambaye hajawahi kuandika msimbo maishani mwake, anafungua ukurasa kwenye kivinjari, anabofya alama ya penseli, anarekebisha, na mfumo unalibadilisha rekebisho lake kuwa pendekezo. Tovuti bado haijaguswa. Mwingine analifungua pendekezo hilo, anaona mstari wa zamani kwa rangi nyekundu na mpya kwa kijani, anaandika maoni pembeni ya mstari husika au analikubali. Likikubaliwa, tovuti inajengwa upya yenyewe, na baada ya muda mfupi mabadiliko yako hewani. Ubishi uliokuwa ukifanyika kwenye grupu la WhatsApp, ukizama chini ya salamu za Ijumaa na picha za harusi, sasa unabaki pembeni ya sentensi iliyouzua. Mwakani mtu akiuliza kwa nini tuliacha kuandika "watoto yatima" tukaandika vingine, jibu lipo pale pale, na jina la aliyelitoa, na tarehe.

Mahali nilipouthamini utaratibu huu zaidi ni kwenye ukurasa wa michango. Ukurasa ule una namba ya kupokelea pesa kwa simu. Ni mstari mmoja mfupi, na ndio mstari wa hatari kuliko yote tuliyo nayo, kwa sababu anayebadilisha tarakimu mbili pale hahitaji kuiba kitu kingine chochote. Watu huniuliza: sasa kama hifadhi iko wazi, si mtu yeyote duniani anaweza kuibadilisha? Anaweza kupendekeza, ndiyo. Kubadilisha ni jambo jingine. Tumelifunga tawi kuu, yaani nakala rasmi ambayo tovuti hujengwa kutokana nayo, lisipokee chochote bila idhini, na kuna faili iitwayo CODEOWNERS ambamo tumeandika kwamba faili ya michango lazima iidhinishwe na mhazini mwenyewe. Aliyeleta pendekezo hawezi kujiidhinishia. Ni kama hundi ya shirika inayohitaji saini mbili, na wajumbe wa bodi walipoelezwa hivyo walielewa papo hapo. Mhazini, mama mtu mzima anayetumia kompyuta kwa shingo upande, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba akaunti. Angalizo kwa mtakaojaribu: msimamizi mkuu anaweza kuliruka sharti hilo, isipokuwa uweke tiki kwenye chaguo linalomzuia naye. Weka tiki.

Na funguo zisikae kwa mtu mmoja. Fungueni akaunti ya shirika, siyo hifadhi iliyo chini ya jina la kijana fulani mwenye moyo wa kusaidia, na wenye mamlaka kamili wawe wawili au zaidi. Tangu 2023 GitHub imekuwa ikiwataka wachangiaji watumie uthibitisho wa hatua mbili, yaani nenosiri pamoja na uthibitisho mwingine, mara nyingi wa kwenye simu, na kwetu sisi simu huibiwa, huanguka majini, hubadilishwa laini. Misimbo ya dharura tumeichapisha kwenye karatasi, na iko kabatini pamoja na muhuri.

Sasa ugumu, na upo. Vitufe vyote vya GitHub ni vya Kiingereza. Tulilazimika kuandika mwongozo wetu kwa Kiswahili, wenye picha za skrini na mishale, na hata hivyo mtu mpya hupotea kati ya "kuhifadhi" na "kupendekeza". Kwa simu inawezekana kurekebisha sentensi moja au mbili, lakini kuandika habari nzima kwa kidole gumba ndani ya kile kisanduku ni adhabu. Wenzangu wengi huandika kwanza kwenye simu kwa namna waliyoizoea, kisha wakainakili.

Halafu kuna zile herufi chache zinazokaa juu ya kila ukurasa, kati ya mistari miwili ya vistari vitatu vitatu, zikitaja kichwa na tarehe. Hapo ndipo machozi hutoka. Andika kichwa kama Ripoti ya mwaka: tulikotoka, bila alama za kunukuu, na ujenzi wa tovuti unakataa, maana nukta pacha pale ina kazi yake maalumu. Ujumbe wa kosa unaotokea hauwezi kumsaidia mtu ambaye hajui hata kwamba nukta pacha ni kosa. La kushukuru ni kwamba ujenzi ukikwama, tovuti ya awali inabaki hewani vile vile; msomaji hajui kama ndani kumeharibika kitu. Jingine ni majina ya picha. Kompyuta ya Windows inachukulia Semina.JPG na semina.jpg kuwa faili moja, lakini mashine inayojenga tovuti huko mtandaoni ni ya Linux na kwake hizo ni faili mbili tofauti kabisa. Matokeo yake picha inaonekana nyumbani na haionekani kwa dunia. Kanuni yetu ni herufi ndogo tupu, hakuna nafasi, basi.

Lililotusumbua zaidi lilikuwa la saa. Hugo haichapishi ukurasa wenye tarehe ambayo haijafika, jambo zuri ukitaka kuandaa tangazo mapema. Lakini usipoitajia ukanda wa saa, inahesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Tangazo lililoandikwa kuwa la saa tatu asubuhi, kwa Hugo halijafika mpaka hapa kwetu itimie saa sita mchana. Halitoi kosa lolote. Alama ni ya kijani, kila kitu kimepita, na ukurasa haupo. Hata saa sita ikifika hautokei wenyewe, kwa kuwa tovuti hujengwa tu mtu anapobadilisha kitu. Utatokea pale mwenzio atakaporekebisha koma kwenye ukurasa mwingine kabisa, na hapo ndipo watu huanza kusema mfumo una majini. Dawa ni mstari mmoja kwenye faili ya mipangilio, ule wa timeZone, unaoandikwa Africa/Dar_es_Salaam. Ungekuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kila mwongozo ningefurahi sana.

Picha zinahitaji maneno yake. Shirika linalofanya kazi na watoto lina picha nyingi, na wafadhili huzipenda. Kwa upande wa wepesi, Hugo inafanya vizuri mno: unaipa picha kubwa ya simu, inaipunguza, inaigeuza kuwa WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi, na ukurasa unafunguka hata mtandao ukiwa unasuasua. Katika kuipunguza inaondoa pia taarifa zilizofichwa ndani ya picha, zikiwemo za mahali ilipopigwa. Mtu akisikia hivyo anapumua. Asipumue. Picha iliyotoka imesafishwa, lakini ile ya asili iko kwenye hifadhi, hifadhi ni ya wazi, na kama simu ilikuwa inaandika mahali, yeyote anaweza kuipakua na kusoma ni kijiji gani, karibu na nyumba gani.

Kuna lingine zito zaidi. Git haisahau, na kazi yake ndiyo hiyo. Mzazi akija kusema hataki tena sura ya mwanawe ionekane, ukiifuta picha inaondoka kwenye tovuti lakini inabaki kwenye historia, ambako mtu anarudi nyuma kwa kubofya tu. Kuing'oa kabisa kunahitaji kuandika upya historia nzima kwa zana kama git filter-repo, kuwasiliana na GitHub wafute mabaki upande wao, na hata hapo nakala zilizokwisha chukuliwa na watu wengine huwezi kuzifuata. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu sauti juu ya taarifa zake. Chombo kisichosahau na sheria ya namna hiyo havikai kitanda kimoja kwa urahisi. Kabla hatujahamisha picha hata moja tulikaa na swali hili, na uamuzi ukawa kwamba sura za watoto haziingii kwenye hifadhi kamwe. Tunaweka rafu, migongo, mikono iliyoshika vitabu. Mfadhili mmoja alilalamika kwamba tovuti haina tabasamu. Alitumiwa tabasamu kwa barua pepe, kwa ridhaa ya wazazi.

Mengine kwa haraka. Fomu ya mawasiliano hakuna, kwa sababu hakuna seva ya kuipokea. Zipo huduma za nje za kuziba pengo hilo, sisi tukaweka namba ya simu na barua pepe, na sijaona aliyelalamika. Hugo yenyewe matoleo yake bado yanaanza na sifuri, na toleo jipya huweza kuvuruga mwonekano uliotengenezwa kwa la zamani, kwa hiyo taja toleo unalotumia kwenye maelekezo ya ujenzi na ulibadilishe kwa hiari yako. Kuwa na lugha mbili ni jambo ambalo Hugo imelizingatia ndani yake: Kiswahili kina folda yake na Kiingereza yake, na ukurasa ambao haujatafsiriwa haulazimishwi kuwepo. Sisi tunaanza na Kiswahili. Kiingereza kinafuata kikipata mtu.

Wageni, je, wanachangia kweli? Wachache. Nisingependa mtu aingie akidhani akifungua hifadhi tu, dunia itakuja kumsaidia. Ila mtu ambaye hatumjui alituletea rekebisho la rangi za maandishi zilizokuwa hafifu mno kwa wenye uoni dhaifu, na shirika jingine la mkoa wa jirani lilichukua kiunzi chote cha tovuti yetu, likabadilisha maneno na rangi, na likawa na tovuti yake. Leseni tuliyoweka kwenye msimbo ni MIT, inawaruhusu bila kutuuliza. Nao walipogundua menyu haifunguki vizuri kwenye simu ndogo, waliitengeneza na kuturudishia.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya yale maandishi ya juu ya ukurasa na Kiingereza cha vitufe, vitu ambavyo humfanya mtu mwenye habari nzuri ya kuandika aniletee mimi kwenye WhatsApp badala ya kuiweka mwenyewe. Tunachojaribu sasa ni Decap CMS, ambayo kabla ya 2023 ilikuwa ikiitwa Netlify CMS: inaweka mbele ya mwandishi fomu yenye visanduku, kichwa hapa, tarehe hapa, habari hapa, na nyuma ya pazia inapeleka pendekezo lile lile kwenye Git. Majina ya visanduku tunayaandika wenyewe kwa Kiswahili. Kilichobaki ni sehemu ya kuingilia, maana bila seva ndogo ya kuthibitisha akaunti haifanyi kazi juu ya GitHub Pages, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie huku tutakuwa na seva ya kuitunza. Mhazini ameshauliza nani atashika nenosiri lake.