Mazda3 Turbo: nijaze 87 au 93? Uzoefu wangu Houston

Wadau, washkaji kadhaa huku Texas wameshanunua magari madogo yenye tabo (kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini) na swali lao ni lilelile, nijaze petroli ile ya chini, 87, au ile ya juu, 93? Nimeshajibu sana kwenye simu, ngoja niandike hapa mara moja. Gari yangu ni Mazda3 Turbo ya 2021, hachibeki, injini lita 2.5, gia otomatiki sita, inavuta tairi zote nne. Naiendeshea Houston na joto la hapa waliofika wanalijua, mwezi wa nane ukifungua mlango wa gari iliyoshinda juani unarudi nyuma kwanza. Nimeijaza 87 kwa muda mrefu, nikaijaza 93 kwa muda mrefu, nikarudi 87, kwa hiyo haya ni ya kwangu mwenyewe sio ya kusimuliwa.

Kwa mlioko nyumbani, pampu za huku zina vibandiko vya njano vyenye namba, Texas mara nyingi utakuta 87, 89 na 93, hiyo ndio oktani. Msiilinganishe moja kwa moja na namba za Ulaya au Japan, maana Marekani wanachukua wastani wa vipimo viwili, RON na MON, wenzao wanaandika RON peke yake. Ndio maana 87 ya huku inakaribia 91 au 92 ya RON, na 93 inakaribia 98. Mtu akikwambia Wamarekani wanatumia mafuta mabovu mwambie aangalie kipimo kwanza.

Sasa gari yenyewe. Mazda hawakuficha kitu na hapo nawaheshimu sana, wametoa namba za mafuta yote mawili: ukijaza 93 injini inatoa hosipawa 250, ukijaza 87 inatoa 227. Nguvu ya kuvuta ni pauni-futi 320 kwa 93, na 310 kwa 87. Watu wakiona hosipawa 23 zimeondoka roho inawauma, lakini hebu angalia hiyo namba ya pili, imeshuka kiduchu tu, na hiyo ndio unayoisikia mgongoni ukiondoka kwenye taa. Zile 250 zinapatikana injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, na wewe kwenye foleni ya 610, barabara ya kuzunguka Houston, jioni unazungusha ngapi? Elfu mbili, ikizidi sana elfu mbili na nusu. Huko chini gari inavuta vilevile na 87, kiukweli ukinifunga macho ukanijazia siwezi kukwambia umeweka ipi.

Kitu kinachowachanganya wengi ni kudhani oktani ni nguvu, kwamba 93 ina moto mkali zaidi. Hapana. Oktani ni uwezo wa mafuta kuvumilia kushindiliwa na kupata joto bila kujilipukia yenyewe. Tabo inasukuma hewa nyingi ndani ya silinda, hewa ikishindiliwa inachemka, na mafuta yakilipuka yenyewe badala ya kusubiri moto wa plagi uyafikie ndio unasikia ule mlio wa chuma kugonga chuma, ukiachiwa uendelee unakula pistoni. Magari ya siku hizi yana sensa inayosikiliza hiyo kugonga, ikiisikia tu kontroli boksi inachelewesha cheche na ikibidi inapunguza msukumo wa tabo, injini inabaki salama ila inakunyima nguvu kidogo. Hosipawa 23 zimeenda huko, hazijapotea kwenye sheli.

Nina kale kaskana ka kuchomeka chini ya usukani kanakotuma data kwenye simu, na ndio kalinipa picha kamili. Mchana wa mwezi wa nane, 87 kwenye tenki, watu wanne ndani, AC mpaka mwisho, unapanda rampu ya kuingia barabara kuu ya I-45 unakanyaga mpaka chini, ile namba ya kuchelewesha cheche unaiona inapanda, na kuanzia mizunguko elfu nne kwenda juu gari inakuwa kama kuna mtu kaishika shati. Rampu hiyohiyo na 93, joto hilohilo, haishikwi, inapanda moja kwa moja mpaka inabadilisha gia na unaingia barabarani mbele ya lori badala ya nyuma yake. Hiyo tofauti ni ya kweli kabisa na asikudanganye mtu kwamba ni mawazo. Lakini Januari asubuhi kukiwa na baridi ukifanya mchezo uleule hiyo namba haitikisiki sana, gari ni ileile tu.

Kwenye hela ndio sasa. Pale ninapojaza mimi tofauti huwa inacheza senti 70 mpaka 90 kwa galoni, na tenki ni galoni 12 na kitu, yaani kila ukifulisha unaacha dola tisa kumi za ziada. Wanaotetea wanasema utairudisha kwenye ulaji wa mafuta, gari itakula kidogo. Haitarudi. AAA, wale wa chama cha waendesha magari, mwaka 2017 walipima magari ambayo watengenezaji wake wanapendekeza mafuta ya juu bila kulazimisha, wastani wa kupungua ulaji ukatoka asilimia 2.7, nguvu ikaongezeka asilimia 1.4. Sasa unalipa robo zaidi upate 2.7, hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaikataa. Na mwaka mmoja kabla walishasema Wamarekani walichoma zaidi ya dola bilioni 2.1 ndani ya miezi 12 kujaza mafuta ya juu kwenye magari ya 87 ambayo hayana hata kazi nayo.

Halafu kuna hili la "mafuta ya juu yanasafisha injini", jamani. Cha kuangalia ni alama ya Top Tier, viwango ambavyo BMW, GM, Honda na Toyota walivianzisha 2004, na sheria yao ni kwamba dawa ya kusafisha iwepo kwenye daraja zote, 87 nayo imo. Costco, Shell, Exxon, Chevron wote wana hiyo alama. Isitoshe injini hii inamwaga mafuta ndani ya silinda moja kwa moja, hayapiti kwenye vavu za kuingizia hewa, kwa hiyo uchafu wa kwenye hizo vavu hata ujaze 93 maisha yako yote hauyaoni hayo mafuta. Ile pesa bora ubadilishe oili kwa wakati, tabo inapenda oili safi kuliko kitu chochote.

Ila nisieleweke kwamba kila tabo ni 87. Mazda wameiandikia hii 87 ndio maana nasema bila woga. Toyota GR Corolla, hachibeki nayo, imeandikwa lazima mafuta ya juu, hapo hakuna mjadala, huwezi bei yake chukua gari nyingine. Soma kitabu cha gari, angalia wameandika wanapendekeza au ni lazima, hayo mawili yana umbali mkubwa. Na nyie wa Dar mnaoagiza Golf za TSI, zile Volkswagen zenye tabo, kutoka Japan, fungua kifuniko cha tenki, kale kamaandishi ka Kijapani kanasema mafuta ya juu. Kule regula yao inaanzia RON 89 na ya juu inaanzia 96, wenye Golf wanajaza ya juu, kwa hiyo ukifika sheli muulize oktani ya anachouza, jina la kibiashara lisikutoshe.

Mimi sasa hivi mwaka mzima ni 87 ya Top Tier. Nikiwa na safari ndefu kipindi cha joto, familia nzima na mabegi, najaza 93 kabla ya kutoka, na ikiwa tenki ina nusu ya 87 nachanganya tu, inatoka kama 90 na gari haina shida. Mlioko California msiumize kichwa na hizo 250, pampu zenu nyingi zinaishia 91. Na ukipanda Colorado utakuta kitufe cha 85, bei inavutia, ni cha zamani za injini zisizo na tabo kule milimani ambako hewa ni nyepesi. Tabo inaishindilia hiyo hewa nyepesi upya, kwa hiyo 85 mimi siigusi hata kwa bure.