I tre volti della paura (1963): tafuta toleo la Kiitalia

Filamu hii ya kutisha ya Mario Bava ina hadithi tatu na matoleo mawili, na aliyepewa lile la Marekani, Black Sabbath, bado hajaiona filamu yenyewe. Ukiwekewa kwenye flashi hapa Dodoma, fungua hadithi ya kwanza kabla hujalipa. Kwa Kiitalia inaanza simu inayolia usiku kwa mwanamke aliye peke yake. Kwa Marekani anaanza muuguzi anayevua pete kidoleni mwa maiti. Wamarekani walipangua mfuatano wa hadithi zote tatu, wakaweka muziki wa Les Baxter badala ya ule wa Roberto Nicolosi, wakafuta mapenzi ya Rosy, yule mwanamke wa simu, na Mary, na mpigaji simu wakamfanya mzimu. Hofu yote ikaishia hapo, maana mfungwa aliyetoroka gerezani, kama mpigaji simu alivyo kwa Kiitalia, anatisha kuliko mzimu. Faida yao ni moja: mwigizaji Boris Karloff, anayemcheza mzee Gorka, anasikika kwa sauti yake mwenyewe, ilhali kwa Kiitalia anasemewa na mtu mwingine.

Hadithi ya kati, ya Wurdulak, yaani mfu anayenyonya damu, ndiyo ndefu na ndiyo inayoishikilia filamu hadi leo. Mzee Gorka ameiaga familia: nikirudi baada ya siku tano, msinifungulie. Anarudi saa ileile siku ya tano inapokwisha, na hakuna mwenye uhakika kama muda umepita. Mnyonya damu huyu huanza na wale anaowapenda. Mtoto aliyezikwa anapolia nje usiku kwamba anaona baridi, mama yake anataka kufungua, na mtazamaji anamwelewa kabisa. Watoto wasioneshwe.

Ile ya muuguzi inategemea masikio: tone la maji, nzi, halafu tone tena. Spika ndogo za runinga humeza sauti hizo, basi tumia spika ya nje au vifaa vya masikioni. Usiiangalie mvua ikipiga kwenye bati, subiri kiangazi. Bava alikuwa mpiga picha wa filamu kabla ya kuwa mwongozaji, na mwanga wake wa kijani na zambarau unaowaka na kuzima ni wa makusudi. Zima mpangilio wa rangi kali kwenye runinga, la sivyo vivuli vyote vinapotea. Uso wa maiti unaonekana wazi kuwa ni sanamu, na bado unatisha.

Maandishi ya tafsiri yawe ya toleo lilelile. Ya toleo jingine hayarekebishiki kwa kusogeza sekunde, kwa kuwa mfuatano wa hadithi ni tofauti. Faili likizidi GB 4, flashi yenye mfumo wa faili wa FAT32 hailipokei. Iformati kwa exFAT au NTFS, kutegemea runinga yako inasoma ipi.

Kwa diski, kampuni ya Arrow Video ya Uingereza ilitoa matoleo yote mawili pamoja mwaka 2013. Diski hufungwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia: Blu-ray yake ni ya kanda B, ambayo ndiyo kanda ya Afrika. DVD za Uingereza ni kanda 2 na sisi tuko kanda 5, kwa hiyo deki isiyofunguliwa kanda zote itaikataa.